Miche 90 au matuta 9? Supavaiza kanizungushia peni nyekundu, rafiki ananiambia nifute data

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu hapa Morogoro, nasoma mambo ya kilimo, na nakuandikia nikiwa nimechoka kabisa mana ripoti natakiwa kuikabidhi baada ya wiki saba na mpaka leo sijui nina matokeo au sina.

Utafiti wangu ni wa mchicha. Nilitaka kuonyesha kwamba samadi ya kuku ni bora kuliko urea. Nikaomba kieneo nyuma ya hosteli, nikalima matuta tisa, safu tatu na kila safu ina matuta matatu. Kwenye kila safu tuta moja likapata samadi, moja urea, na moja sikuliweka kitu. Nilipiga kura kwa vikaratasi, kila safu kivyake, lipi lipate nini, kama tulivyofundishwa darasani. Samadi niliweka ndoo ndogo moja kwa tuta, urea nikapima vizibo vitano vya soda nikatawanya kwenye tuta. Maji sawasawa kwa matuta yote, keni mbili asubuhi na mbili jioni. Wiki ya nne nikapima urefu wa miche kumi kila tuta, jumla miche 90.

Nikaingiza zile 90 kwenye SPSS, ile programu ya takwimu, nikapiga anova, testi ya kulinganisha wastani wa makundi, p ikatoka chini ya 0.001, na kwa kawaida ikiwa chini ya 0.05 tu wanahesabu una matokeo. Nilifurahi mpaka nikampigia mama simu. Kupeleka kwa supavaiza, akaizungushia ile 90 kwa peni nyekundu akaandika pembeni "n yako ni ngapi?" alafu akasafiri, na meseji anajibu kwa shida. Nikamuuliza kaka mmoja wa masters, akasema n, yani idadi ya vipimo vinavyojitegemea, ni matuta siyo miche, kwa hiyo nichukue wastani wa kila tuta nipige upya. Nimepiga, p imekuwa 0.15. Mchicha ni uleule Mwalimu! Jana ulikuwa na matokeo, leo hauna.

Wastani wangu kwa sentimita ni huu. Safu A, ambayo iko karibu na mwembe: bila kitu 16, urea 20, samadi 21. Safu B: bila kitu 20, urea 26, samadi 25. Safu C: bila kitu 21, urea 26, samadi 29.

Rafiki yangu wa chumba anasema nifute safu A yote kwa sababu mwembe uliiharibu. Mwingine anasema nirudishe zile 90, siku ya kutetea hamna atakayeuliza. Na kuna jamaa wa steshenari anasema nimpe elfu hamsini ataipika data mpaka iwe signifikanti. Nisaidie kabla sijafanya kitu kibaya. Na swali dogo la mwisho, nilitoa pia alama za rangi ya majani, 1 mpaka 5, nazo nipige anova?

Mwenye Mchicha, Morogoro

*

Marahaba mwanangu.

Kwanza tulia. Nimeisoma barua yako mara mbili, na hizo namba tisa nimezipiga mwenyewe kwa karatasi na kalkuleta, na nakwambia hivi: jaribio lako halijaharibika. Shambani ulifanya kazi nzuri kuliko unavyodhani. Ulipoharibu ni ulipokaa kwenye kompyuta, mana ulisahau ulichokifanya shambani.

Tuanze na peni nyekundu. Supavaiza wako yuko sahihi, na kaka wa masters naye yuko sahihi. Jiulize swali moja tu: ulipopiga kura, vikaratasi vilikuwa vinachagua nini? Vilichagua tuta. Hakuna mche uliopigiwa kura. Miche kumi ya tuta moja imekula samadi ileile, imekunywa keni ileile, imekaa kwenye udongo uleule, na kama panzi alipita basi alipita kwa wote. Kwa hiyo ukipima mche wa pili wa tuta hilohilo hujapata ushahidi mpya kuhusu samadi, umepata tu kulijua lile tuta vizuri zaidi. Ni kama kutaka kujua watu wa mtaa wanamchagua nani alafu ukauliza watu kumi wa nyumba moja na kuandika umehoji kaya kumi. Umehoji kaya moja, kwa undani. Ndo mana p ya 90 ilikuwa ndogo vile, programu ilidhani una mashahidi 90 wasiojuana kumbe una 9.

Hili kosa nalijua kwa sababu limenikuta. Nilipokuwa nafanya masters nililisha kuku 60 chakula cha aina mbili kwenye mabanda manne, nikahesabu kuku. Mtahini wa nje akaniuliza chakula nilimpa kuku au nililipa banda. Nilisimama pale mbele sina la kusema, ilibidi nirudi nikafanye upya uchambuzi wote, miezi minne. Tangu siku hiyo kila anayekuja ofisini kwangu na data nauliza hilo kabla hata hajakaa. Na hata wanasayansi wakubwa limewapata: mwaka 1984 mwanaikolojia Stuart Hurlbert alipitia tafiti 176 za majaribio, na zile zilizotumia testi za takwimu, asilimia 48 zilikuwa na kosa hilihili. Kwa hiyo usijione mjinga. Waambie na wenzako pia, yule mwenye sato 50 kwenye tenki moja, yule anayelinganisha njia mbili za kufundisha kwa darasa moja moja. Wote wanahesabu vichwa wakati walitakiwa wahesabu tenki na madarasa.

Haya, sasa 0.15 yako. Namba uliipiga sawa, na mimi nimepata hiyohiyo, ila uliiuliza programu swali ambalo siyo la shamba lako. Ulipopiga anova ya matuta tisa uliiambia kuna matuta matatu ya samadi, matatu ya urea, matatu tupu, basi. Hukuiambia kwamba kuna safu. Kwa hiyo programu ikaona samadi ina 21, 25 na 29, ikasema hee, haya matuta ya samadi yenyewe kwa yenyewe yanatofautiana sentimita 8, sasa nitajuaje kama tofauti na matuta tupu siyo bahati tu? Iko sawa kushangaa, haijui kama ile 21 ilikaa kivulini mwa mwembe inagombania maji na mizizi ya mti.

Wewe unajua. Na uzuri ni kwamba ulijua kabla ya kupanda, ndo mana ukagawa kwa safu na kila safu ukaipa vyote vitatu na kuipigia kura kivyake. Hiyo wenye fani wanaita bloku, na ilizaliwa shambani hukohuko kwenye mbolea. Mtakwimu Ronald Fisher alianza kazi mwaka 1919 kwenye kituo cha kilimo cha Rothamsted kule Uingereza, sehemu ambayo majaribio ya mbolea kwenye ngano yalikuwa yanaendelea tangu 1843, na shida waliyokuwa nayo ndiyo yako, udongo wa upande huu siyo wa upande ule. Jibu lake likawa kata shamba vipande, ndani ya kila kipande weka kila aina, piga kura, alafu linganisha ndani ya kipande. Usimlinganishe aliye kivulini na aliye juani.

Fanya hivyo kwa mkono uone. Wastani wa safu A ni 19. Tuta tupu liko chini ya wastani huo kwa 3, urea juu kwa 1, samadi juu kwa 2. Safu B wastani ni kama 23.7, tuta tupu liko chini kwa 3.7, urea juu kwa 2.3, samadi juu kwa 1.3. Safu C wastani 25.3, tuta tupu chini kwa 4.3, urea juu kidogo tu, 0.7, samadi juu kwa 3.7. Umeona? Ukishauondoa mwembe, tuta tupu linashuka sentimita 3 hadi 4 kila mahali. Kivuli kilipunguza kila kitu kwenye safu A lakini hakikubadilisha nani yuko chini.

Nimepiga anova yenye mbolea na safu kwa pamoja, kwa matuta yaleyale tisa, bila kufuta hata tuta moja. P ya mbolea inatoka 0.006.

Ngoja kwanza usishangilie, nataka uelewe kwa nini hii ni halali na ushauri wa rafiki zako siyo. Siyo kwa sababu imetoa namba ndogo. Ni kwa sababu safu zilikuwepo kwenye daftari lako kabla mbegu haijaota, kwa hiyo uchambuzi unafuata mpangilio wa shamba. Ingetoa 0.4 ningekwambia uandike 0.4 na ungefaulu vilevile, mana kamati inapima kama umefanya utafiti vizuri, haipimi kama mchicha umekutii. Lakini ungekuja kwangu na matuta yaliyotawanywa ovyo bila safu, alafu baada ya kuona 0.15 ndo ukaanza kuchora mistari kuzunguka matuta mafupi na kuiita bloku, hapo ningekukatalia.

Kufuta safu A je? Nimeipiga pia ili usibaki na kiu. Ukifuta unabaki na matuta sita, na p inatoka 0.057 kwa anova isiyo na safu, au 0.081 ukiweka safu. Yani ungekuwa umetupa theluthi ya kazi yako, umedanganya, na bado usifike ulikokuwa unakwenda. Ila hata ingetoa 0.0001 jibu langu lingekuwa hapana. Tuta linafutwa kwa sababu iliyotokea shambani na ikaandikwa siku hiyohiyo: mbuzi kaingia, bomba limepasuka, mtu kachuma. Kuwa fupi siyo sababu, mana urefu ndo kitu chenyewe unachokipima.

Na hiyo p yenyewe naomba uijue ni nini, nimeona wengi wanaiandika na hawawezi kuisema kwa maneno. Itazame kupitia vikaratasi vyako. Chukulia mbolea haifanyi chochote kabisa, matuta yangekuwa na urefu uleule hata ungeweka mchanga. Basi kwenye safu A kuna tuta moja ambalo lingekuwa fupi kuliko yote, na nafasi ya kikaratasi cha "bila kitu" kuangukia hilo ni moja kati ya tatu. Safu B vilevile, moja kati ya tatu. Safu C vilevile. Zote tatu kwa mpigo, moja kati ya 27, yani kama 0.037. Hiyo ni p ya kienyeji kabisa, haijaangalia hata sentimita, imeangalia tu nani wa mwisho, na tayari inasema si rahisi bahati peke yake ikafanya hivi. Anova inaangalia na sentimita ndo mana inakuwa na uhakika zaidi. Kwa hiyo p inasema: kama mbolea haifanyi kitu, ni mara ngapi kura zangu zingeniletea tofauti kubwa hivi au zaidi. Haisemi asilimia ngapi uko sahihi, wala haisemi tofauti ni kubwa kiasi gani kwa mkulima. Na bila kura hizo hesabu zote hazina miguu, kwa hiyo hiyo dakika kumi uliyotumia kukata vikaratasi ndiyo iliyokuokoa. Iandike kwenye ripoti, wengi wanairuka.

Sasa nije kwenye kitu ambacho hutakipenda. Umesema ulitaka kuonyesha samadi ni bora kuliko urea. Data yako haisemi hivyo. Samadi wastani 25, urea 24, tuta tupu 19. Anova inakwambia tu kwamba hao watatu siyo sawa, haisemi nani na nani. Kwa hilo piga testi ya Tukey, inayolinganisha wawili wawili kwa mpigo mmoja, usirudi kwenye t-testi tatu tatu, mana ukipiga testi tatu kila moja kwa 0.05, nafasi ya kudanganywa na angalau moja inapanda hadi kama asilimia 14. Kwa Tukey, kwenye jaribio lako, wastani wawili wanatakiwa kuachana kama sentimita 3.4 ndo useme wanatofautiana. Samadi na tuta tupu wameachana 6, sawa. Urea na tuta tupu 5, sawa. Samadi na urea 1. Hapo unaandika kwamba jaribio halikuonyesha tofauti. Usiandike kwamba zinalingana, matuta matatu matatu hayatoshi kusema hivyo, tofauti ndogo inaweza kuwepo na wewe ukashindwa kuiona.

Na hata samadi ingeshinda kwa mbali bado ungekuwa na shida, kubwa kuliko ya p. Kigeu huru chako, yani kile ulichokibadilisha kwa makusudi, umekiita aina ya mbolea, lakini ndoo moja ya samadi na vizibo vitano vya urea, nani kakwambia vina naitrojeni sawa? Urea ni naitrojeni asilimia 46, hiyo iko kwenye mfuko. Ya samadi inategemea kuku, matandiko, imekaa muda gani imenyeshewa au la. Kwa hiyo umebadilisha aina na kiasi kwa wakati mmoja na huwezi kujua kipi kimefanya kazi. Maji uliyadhibiti vizuri, keni mbili mbili, hongera, ila kiasi cha naitrojeni kilikuponyoka. Kwa ripoti hii badilisha kichwa: athari ya samadi ya kuku na urea, kwa viwango ulivyotumia, kwenye urefu wa mchicha wiki ya nne. Taja ndoo ni kilo ngapi na vizibo vitano ni gramu ngapi, nenda duka lolote lenye mizani kapime leo, vyombo unavyo bado. Urefu nao siyo mavuno, mama wa sokoni anauza fungu hauzi sentimita, liseme hilo kwenye sehemu ya mapungufu.

Kwenye programu: mistari tisa tu, kila tuta mstari mmoja, na nguzo tatu, safu, mbolea, urefu. Safu iandike A, B, C. Ukiandika 1, 2, 3 baadhi ya programu zitadhani safu ya 3 ni kubwa mara tatu ya safu ya 1. Kwenye SPSS ingia menyu ya Univariate, urefu uweke kama kigeu tegemezi, safu na mbolea kama vigeu huru, na hapa ndo wengi wanakwama: ukiiacha programu kama ilivyo itaweka na mwingiliano wa safu na mbolea, yani mbolea kufanya kazi tofauti safu hadi safu, na kwa kuwa kila sehemu una tuta moja tu, hakutabaki chochote cha kupimia makosa, utaona vidoti mahali pa p. Ingia sehemu ya modeli, uchague mwenyewe, weka safu na mbolea peke yake. Zile 90 usizitupe, weka jedwali lake kwenye kiambatisho ili mtu aone wastani umetoka wapi.

Rangi ya majani, hapana, siyo anova. Alama 1 mpaka 5 ni mpangilio tu, kutoka 2 kwenda 3 siyo lazima iwe hatua sawa na kutoka 4 kwenda 5. Kwa kuwa una bloku tumia testi ya Friedman, ya mwaka 1937, inapanga nani wa kwanza nani wa mwisho ndani ya kila safu, kama tulivyofanya na vikaratasi. Kruskal-Wallis, testi nyingine ya mpangilio ambayo wenzako watakutajia, inasahau safu, utarudi kulekule. Ila kwa safu tatu tu Friedman haina nguvu sana, usitegemee makubwa.

Jamaa wa steshenari mwache. Namwonea huruma kila mwanafunzi anayesimama mbele ya kamati na jedwali ambalo hajui limetoka wapi, swali la pili tu anaanza kutetemeka. Hizi namba ni tisa mwanangu, unaweza kuzipiga kwa mkono jioni moja, na ukishazipiga kwa mkono hamna atakayekutikisa.

Na una wiki saba. Mchicha wiki nne unapimika. Kama bado kieneo unacho, lima tena wikiendi hii, safari hii safu tano au sita, samadi na urea zote upime kwa gramu, na mwisho uvune upime uzito wa kila tuta. Kabla hujapanda andika kwenye daftari, na tarehe, utapima nini na utatumia testi gani. Mtumie supavaiza picha ya ukurasa huo hata kama yuko safarini. Ukishavuna niandikie tena, na unitumie uzito wa matuta yote, pamoja na yale ya karibu na mwembe.